Sheria Haina Mjomba

Nyumbani, Eenhana
14 Novemba 2010

Mdogo wangu Hangula,

Umeamkaje huko kwenye ukungu wako? Sisi huku tumeamka. Mvua bado. Mawingu yanakuja mchana, yanatuangalia, kisha yanavuka kwenda Angola. Shamba nimeshalilima kwa punda wa kuazima, kwa hiyo uwele usipoota mwaka huu asije mtu kunisema mvivu. Ng'ombe wako wazima, na mmoja amezaa jike. Yule mchunga ng'ombe mpya ananiuliza kama mwenye mali ni mtu kweli au ni jina tu, maana tangu aajiriwe hajakutia machoni. Nimemwambia upo, una miguu miwili na kichwa kigumu.

Watu wa kanisani wanakusalimu. Kuku Hileni, bibi wa watu, naye anakusalimu, ingawa siku hizi anasalimia hata kuku wa mayai.

Ningekupigia simu kama wenzangu wanavyowapigia ndugu zao, lakini kukupigia wewe ni kuupigia ukuta. Na ile simu aliyokununulia Ndeyapo unasema herufi zake ndogo kama chawa. Basi naandika, na lori la samaki likirudi pwani litakuletea. Likichelewa, mlaumu dereva, ana mwanamke Tsumeb.

Sasa sikiliza. Nimeandika "sikiliza", nisamehe. Soma vizuri. Ndeyapo amenipigia kutoka chuoni Oshakati. Ameitwa na watu wa karo wakamwambia fedha ya ofisi ya wapiganaji wa zamani haijaingia. Mwaka wa kwanza iliingia yote, karo, bweni, vitabu, hata zile nguo nyeupe za uuguzi. Safari hii hakuna kitu. Wamemwambia isipolipwa, Februari asijisumbue kurudi. Mtoto alikuwa analia kwenye simu, akijifanya ana mafua.

Ni wewe uliyesema, "Dada, masikio yangu yamekufa, lakini yatamsomesha mtoto." Nililia siku ile, kwa hiyo sijasahau. Nieleze yamepatwa na nini hayo masikio.

Na Krismasi hii uje. Usinipe sababu.

Dada yako,
Rauna


Kuisebmund, Walvis Bay
6 Desemba 2010

Dada yangu mpendwa Rauna,

Umelalaje? Wameamkaje wote hapo nyumbani? Barua yako imefika ikinuka samaki, nami nimeipenda hivyo hivyo. Huku mzima. Ukungu unakuja asubuhi na kuondoka saa nne. Mwenye nyumba ameongeza chumba kingine uani, kwa hiyo dirisha langu sasa linatazama ukuta. Si vibaya, ukuta hauna haja ya kujibiwa.

Jumapili iliyopita nilijiaibisha kanisani. Kawaida namwangalia yule mama wa mbele, akisimama nasimama, akifungua kitabu nafungua. Sasa wimbo wa tatu niliujua, wa utoto wetu, nikafumba macho nikaimba kwa raha zangu. Nilipofumbua, kanisa zima limekaa linanitazama na mchungaji yuko katikati ya tangazo. Nilikuwa nimeimba peke yangu, sijui kwa muda gani. Hakuna aliyenigusa bega. Hilo ndilo lililoniuma, si aibu yenyewe.

Haya, la Ndeyapo. Nilitaka nilimalize kwanza ndipo nikuambie, lakini umeniwahi. Mwezi wa tisa alikuja binti wa ofisi, Saara, kutukagua sisi wenye ulemavu mmoja mmoja. Binti mzuri, ana adabu, anaandika nami najibu kwa mdomo. Inaelekea nilipiga kelele, maana majirani walitoka nje. Akaandika, akiniita baba: "Tate, huyu Ndeyapo ni mtoto wako?" Nikasema ndiyo. Akaandika: "Umemzaa wewe?" Nikasema, amezaliwa na dada yangu wa tumbo moja. Akaweka kalamu chini.

Nikamwambia, binti, wewe si Mkwanyama? Mtoto wa dada yangu asipokuwa wangu, nani wangu? Ni wa nyumba ya mama yangu. Nikifa, yeye na kaka zake ndio wanaochukua ng'ombe wangu. Akacheka, akaandika, na karatasi ile ninayo: "Tate, mimi mwenyewe nimelelewa na mjomba. Lakini sheria haina mjomba. Ina baba na mama tu."

Kumbe walipotuandikisha, wakatuuliza watoto wetu, wengi wetu wazee tuliwataja wa dada zetu. Saara anasema amechoka kutuelewesha. Hakuna aliyedanganya. Waliuliza swali lao, tukajibu la kwetu.

Njia ipo moja. Ndeyapo hajafikisha miaka ishirini na moja, kwa hiyo anaweza kufanywa mtoto wangu mbele ya hakimu. Wewe unakwenda kwa hakimu wa huko, unasema unanipa, unatia sahihi. Nami huku nahojiwa, naapa, natia sahihi. Baada ya hapo fedha inaendelea.

Najua utakavyolipokea. Nimekaa nalo tangu mwezi wa tisa kwa sababu hiyo hiyo.

Krismasi sitaweza kuja. Mwenye nyumba anasafiri na familia, ameniomba nilinde. Unaweza kucheka. Kiwandani walinilipa miaka mingi niwe mlinzi asiyesikia, na hakuna aliyeiba.

Nipe salamu kwa kila mtu. Msalimie Ndeyapo, mwambie asilie.

Mdogo wako,
Hangula


Nyumbani, Eenhana
9 Januari 2011

Hangula,

Heri ya mwaka mpya. Tumeamka salama. Mvua imekuja yote kwa pamoja, kana kwamba ilikuwa imefungiwa mahali. Uwele umetoka. Vyura wanapiga kelele hata hatusemezani ndani ya nyumba, ungekuwepo ungetushinda wote kwa kustarehe. Krismasi tulichinja mbuzi. Kiti chako nilikiweka, akakikalia mtoto wa jirani, nikamwinua, halafu nikaona upuuzi nikamwambia akae tu.

Barua yako nimemwambia Ndeyapo anisomee mara ya pili, nikidhani macho yangu yanazeeka. Eti niende kwa hakimu niseme nakupa mtoto. Hangula, mtu anapewaje kilicho chake? Siku alipozaliwa ulikuwa umerudi karibuni kutoka vitani, nikakuwekea magotini, na wewe ndiye uliyemchagulia jina. Mume wangu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akitaka kumchapa anatazama kwanza njiani kama mjomba wake haji. Leo niende nikaseme simtaki, mbele ya mtu asiyenijua, ili wamwandike jina lako mbele na mimi nifutwe? Kwenye karatasi zao mama yake atakuwa nani? Wewe?

Siendi. Mwanangu hatolewi mahakamani kama mbwa aliyeokotwa.

Mwambie huyo Saara atafute njia nyingine, ndiyo kazi anayolipwa. Wewe ulilipuliwa kwa ajili ya nchi hii. Wanakupa fedha kwa sababu ya masikio yako, basi masikio yako yaamue yanamsomesha nani.

Ndeyapo yupo hapa nyumbani. Anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa.

Na kitu kimoja. Jirani yangu alipita huko kwenu Desemba kumwona mwanawe, akapita na mtaani kwako kukusalimu. Anasema mwenye nyumba wako alikuwepo, yeye na mke na watoto wote, wanachoma nyama uani. Sikuulizi kitu. Nakuambia tu alichoona.

Rauna


Nyumbani, Eenhana
20 Machi 2011

Mdogo wangu,

Hujaandika tangu Desemba. Sijui kama barua yangu ya Januari ilifika au dereva aliifungia samaki. Basi naandika nyingine juu yake.

Tuko kisiwani. Maji yamekuja kutoka Angola, yamejaa kila bonde, shule zimefungwa na maduka yamebaki na sabuni tu. Uwele wa upande wa chini umeoza. Wa juu umesimama. Ng'ombe wako nimewahamishia penye msitu, wazima. Tumekunywa pombe ya mng'ongo bila wageni, maana hakuna anayeweza kufika. Pombe nzuri mwaka huu, na hakuna wa kuisifia.

Nimekwenda kwa hakimu.

Nilikasirika mwezi mzima, kisha siku moja nikamkuta Ndeyapo nyuma ya ghala amevaa zile nguo nyeupe za chuo, anamfunga bandeji mbuzi aliyekatwa na waya. Hakuniona. Nikarudi ndani. Kesho yake nikamwambia twende.

Tulivuka maji yakiwa kifuani, viatu kichwani. Hakimu ni kijana, ana baridi machoni lakini si mbaya. Akaniita mama, akauliza, "Meme, unamtoa mtoto huyu kwa hiari yako?" Nikamwambia, "Simtoi, anakwenda kwa mjomba wake." Akasema, "Meme, nahitaji ndiyo au hapana." Nikamwambia, "Wewe una mjomba?" Akasema anaye. "Je, ulitolewa ukapewa yeye?" Akasema hapana. "Basi unaona shida yangu." Akaniuliza tena lile lile kwa sauti ya chini. Nikasema ndiyo. Ndeyapo alikuwa amekaa ubavuni mwangu, amenishika nguo kama alivyokuwa akifanya mdogo.

Nimetia sahihi. Tulipofika nyumbani Ndeyapo akaniuliza, "Sasa nikuite nani?" Nikamwambia akirudia swali hilo nitampiga, na hakimu asijue.

Kwa hiyo upande wangu umekwisha. Hawa wa chuo wamesema wanaweza kumpokea muhula wa pili kama karo itaingia. Imebaki sahihi yako, Hangula. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Itie upesi.

Dada yako,
Rauna


Kuisebmund, Walvis Bay
11 Aprili 2011

Dada yangu Rauna,

Nakusalimu, na wote waliozungukwa na maji nawasalimu. Huku hatuna maji hata ya kunywa vizuri, na ninyi mmepewa ya watu wote. Mimi mzima wa mwili.

Barua zako zote mbili nimezipokea siku moja, leo hii, lori lilikuwa limekwama na maji. Ya Januari niliisoma kwanza nikafarijika, maana umesema huendi. Kisha nikafungua ya Machi. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Chai imepoa, nimeimwaga, nimepika nyingine, nayo imepoa.

Dada, nilihojiwa Februari. Nilidhani nitangulie, kisha nikubembeleze. Saara aliniapisha, akaandika maswali yake. Moja lilikuwa hili: "Tate, unaye mtoto wa kumzaa mwenyewe, popote?" Nililisoma, nikalirudia. Ningesema hapana, jambo lingekwisha. Hakuna karatasi ya kunipinga. Nikasema ndiyo.

Anaitwa Panduleni. Mama yake ni Loide, tulikuwa naye kambini Angola. Nilipolipuliwa alikuwa na mimba changa. Mimi nikapakiwa ndege kwenda hospitali za ng'ambo, nikakaa huko nikijifunza kuishi kimya. Tuliporudi nchini wote, yeye alikuwa na mume, na mtoto anaitwa kwa jina la mume. Mume mwenyewe alikuwa mtu mwema kwake. Nikaona niache. Na ninyi nyumbani hamkuniuliza. Mtu akirudi na masikio yamekufa, watu wanamuuliza kuhusu masikio tu.

Loide amekufa mwaka jana. Kabla ya kufa alimwambia binti ukweli, na binti akaniandikia kwamba atakuja Krismasi. Kwa hiyo jirani yako aliona sawasawa. Sikuwa nalinda nyumba ya mtu. Nilikuwa nangoja.

Alipofika nilifikiri ni muuza sabuni, nikamwambia sinunui. Akachukua kalamu mezani akaandika kiganjani mwake: "Panduleni wa Loide." Akanionyesha mkono wake kama mtu anayeonyesha kidonda. Alikaa siku ile moja. Hakuniomba kitu. Anauza vifaa vya ujenzi Grootfontein, dukani kwa mtu. Alipata nafasi Windhoek ya kusomea upimaji wa ardhi, akaiacha kwa sababu baba aliyemlea hakuwa mpiganaji wala tajiri. Haya niliyapata kwa kumchimba.

Sasa sikia lililo baya. Ofisi inamsomesha mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na wa kuzaliwa anamtangulia yule wa mahakamani. Niliposema ndiyo nilijua hivyo. Saara aliniandikia kabla hajafunga faili: "Tate, ukitaka, nitapita hapa kama sikusikia." Nikamwambia aandike.

Kwa hiyo fedha ya serikali itamsomesha Panduleni. Na umetia sahihi bure, umevuka maji bure.

Lakini Ndeyapo hatakosa. Ng'ombe wangu ni wake na kaka zake, sheria yetu inasema hivyo wala haina haja ya hakimu. Kwa nini wangoje nife? Wauze. Uza wanaotosha karo, na mwaka ujao uza wengine. Sheria ya ofisi ina mtoto wake, na sheria ya mama yetu ina wake. Nimejaribu kuwa mkweli kwa zote mbili. Sina kichwa cha kufanya zaidi ya hapo.

Nijibu, dada. Hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako,
Hangula


Eenhana
15 Mei 2011

Hangula,

Barua hii haina salamu kwa sababu sina.

Nimesema ndiyo mbele ya hakimu. Mtoto wangu alinisikia nikisema ndiyo. Wewe ulikuwa umeshanizunguka mwezi mmoja kabla, ukanyamaza.

Huyo wa kambini simjui. Mtoto wa mwanamume ni wa nyumba ya mama yake, unajua hivyo tangu unanyonya. Sisi ni ukoo wa ng'ombe. Yeye ni wa ukoo wa huyo Loide wake, awe wa nyoka, awe wa mende, ana wajomba zake wa kumsomesha. Wewe si wa kwao na wao si wa kwetu. Umechukua chakula cha nyumba ya mama ukampelekea mpita njia, kisha unaniita dada.

Ng'ombe siuzi. Unajua kwa nini? Kwa sababu wakiisha huna tena sababu ya kurudi. Watu hapa wanakujua kwa ng'ombe. Wanapita wanasema, "Hawa wa Hangula." Nikiwauza watapita na kunyamaza, na wewe utakufa huko na kuzikwa na watu wasiojua hata jina la mama yako. Unaniambia niuze kana kwamba unaniambia niuze kuni.

Ndeyapo ameanza kuosha sakafu zahanati ya hapa. Wanamwita nesi kwa kumdhihaki, na yeye anaitika.

Usiniandikie.

Rauna


Kuisebmund, Walvis Bay
24 Julai 2011

Dada yangu Rauna,

Uliniambia nisiandike, nami nilitii Juni yote. Umelalaje? Mavuno yalikuwaje, uwele wa shamba la juu ulitosha? Baridi huku imeingia mifupani. Nimenunua blanketi. Kuku Hileni bado yupo?

Uliyosema kuhusu ng'ombe nimeyasoma mara nyingi. Ni kweli. Nilikuwa najua nilipoandika uwauze. Nimekuwa nikijiambia miaka yote hii kwamba mwaka ujao nitarudi, nikae langoni, niwaangalie wakiingia jioni. Sirudi, dada. Nakuogopa wewe na wengine wote. Huku watu hawanisemeshi kwa sababu ni wageni. Huko mtaongea mkicheka, nami nitakaa katikati yenu nikitazama midomo, mtanihurumia na kuniandikia vipande vya maneno. Upweke wa huku nimeuzoea. Huo wa nyumbani siuwezi. Hii ndiyo sababu, na nyingine zote nilizokupa miaka yote ni visingizio tu.

Panduleni ameanza Windhoek mwezi huu. Kabla ya kwenda alikaa kwangu siku mbili. Amenipikia ugali wa oshifima ukawa na mabonge, nikausifu, akasoma uso wangu akacheka. Anazungumza sana. Hata akijua sisikii anazungumza, anaosha vyombo akinipa mgongo na mabega yake yanaonyesha kwamba anazungumza. Mimi namtazama tu.

Alipoondoka, mke wa mwenye nyumba alikuja akaniandikia, "Binti yako ana sauti nzuri." Alitaka kunifurahisha. Rauna, mimi sikuwahi kufikiri kwamba ana sauti. Najua mikono yake, mwandiko wake, pengo la jino lake. Sauti sikuwahi hata kuikumbuka. Kila mtu mtaani kwangu ameisikia, hata yule mlevi wa pembeni ameisikia. Siku ile sikula.

Anakuja kwenu. Likizo yake ya Agosti. Sikumtuma, nilimkataza. Alisema mtu hawezi kusoma kwa jina la baba yake na watu wa baba yake hajawasalimu. Nilimwambia wewe ni mkali. Akaandika, "Nimeshasimama mlangoni kwako ukaniambia hununui."

Sikuombi umpokee. Huna deni hilo. Lango ni lako, mfungie ukitaka. Ninaomba kitu kimoja, na sijui mtu mwingine wa kumwomba. Kabla hujamfungia, mwache aseme maneno machache. Msikilize wewe, maana unayo masikio yaliyolelewa pamoja na yangu. Kisha niandikie sauti yake ikoje. Si kwamba ni nzuri, hilo nimeambiwa. Niambie ikoje.

Mdogo wako,
Hangula


Nyumbani, Eenhana
28 Agosti 2011

Mdogo wangu Hangula,

Umeamkaje? Umeshindaje? Blanketi moja halitoshi, nunua la pili. Sisi tumeamka wote. Uwele wa juu ulitosha, si kwa kuuza. Kuku Hileni yupo, atatuzika.

Nimeuza ng'ombe. Wale madume na mitamba ya mwaka juzi. Mchunga ng'ombe alikasirika kuliko mimi. Ndeyapo amerudi chuoni, amepokelewa muhula wa pili. Wamebaki wa kutosha watu kupita na kusema ni wa nani. Nilikuwa nimeshawauza kabla barua yako haijafika, usidhani umenibembeleza. Nilimfuata Ndeyapo siku moja zahanati nikamkuta amepiga magoti na kitambaa, na yule mganga mkuu anapita juu ya maji machafu bila kumtazama. Nikaona hasira yangu namlipisha mtoto.

Sasa la huyo wako. Nilikuwa nimejitayarisha. Siku sikuijua, uliniandikia Agosti tu, na tangu tarehe moja nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Ningemwambia maji ya kunywa haya hapa, na barabara ile pale.

Alikuja Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa ndani uani, natwanga, sikuona mtu wala sikusikia gari. Mtu akaita langoni. Hakuita jina langu, hajui watu wananiitaje. Aliita tu, kama mgeni anavyoita, kuuliza kama mwenye nyumba yupo.

Hangula, nilitupa mchi nikaitika, "Naam, Meme, nakuja." Nilikwenda mbio. Nimezeeka, magoti yangu unayajua, nilikwenda mbio nikijipangusa unga mikononi, nikiogopa nimechelewa na ataniuliza kwa nini maji hayajachotwa. Nilifika karibu na lango ndipo nikakumbuka kwamba mama amekufa. Tulimzika wewe ukiwa kambini.

Msichana alikuwa amesimama pale na begi. Hafanani na mtu wa kwetu. Mrefu, uso wa watu wengine. Nikamwambia, "Sema tena." Akashtuka, akasema, "Niseme nini, Meme?" Nikakaa chini mchangani.

Umeniuliza ikoje. Ni ile yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni, kama mtu ameamka sasa hivi, halafu inafunguka. Neno la mwisho inalivuta. Akicheka inashuka chini badala ya kupanda. Unaikumbuka. Uliondoka nyumbani ukiwa na masikio mazima, kwa hiyo unayo humo ndani, itafute. Ndiyo hiyo. Sijui imepitaje. Wanawake ndio wanaobeba nyumba, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na wewe mwanamume uliibebaje ukavuka nayo mpaka na vita sijui. Nimemuuliza mchungaji, naye hajui.

Anakaa mpaka mwisho wa likizo. Nimemlaza chumba cha mama. Hajui kutwanga, anamwaga, namgombeza, ananijibu. Leo asubuhi aliniita akiwa jikoni. Nilikuwa mlangoni kabisa, nimemsikia vizuri, nikanyamaza kimya ili aniite tena.

Dada yako,
Rauna